Injini Iliyotoka Chiungutwa

Mwanangu Esta,

Salamu za kuulizana hali tuziruke. Umetoka hapa asubuhi ukiwa mzima, umekwenda Newala kumuaga bibi yako kwa ajili ya safari ya kesho, na kabla jua halijazama utakuwa umerudi. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utanikatiza. Utasema, "Baba, umeanza tena," nami nitakasirika, na neno lenyewe litabaki tumboni kama lilivyobaki muda wote huu.

Ya mashuka, ya chandarua, ya kula kabla ya kwenda kazini, mama yako ameshayasema na kesho atayarudia. Mimi ninalo moja tu. Linahusu ile injini ya diseli.

Najua umeshakunja uso. Vumilia usome mpaka mwisho. Mengi ya haya uliyaona mwenyewe, lakini kila mmoja wetu alisimama upande wake wa pikapu, akaona upande wake. Acha niyapange kama yalivyotokea.

Unapenda kusema kwamba mimi nikipewa maji ya kunywa nayanusa kwanza. Ni kweli. Nilipokuwa mdogo, maji ya bomba hapa Mnyambe yalikuja yalipotaka yenyewe. Siku moja niliwekwa kwenye foleni na ndoo ya mama yangu. Nikakinga, ndoo ikajaa, nikawa nangoja mama aje kunitwika. Mama mmoja mcheshi akaniambia, "Nenda ukacheze na wenzako, baba, ndoo yako nitaiangalia." Nikaenda. Niliporudi ndoo ilikuwapo, maji hayakuwapo, na yule mama hakuwapo. Mama yangu hakunipiga. Aliichukua ndoo akashuka nayo bondeni, jioni ile ile, nikabaki mlangoni namsubiri. Tangu hapo mtu akinichekea bila sababu, moyo wangu huuliza anataka nini kwenye ndoo yangu.

Na mjomba wako Daudi anacheka sana.

Pikapu tuliinunua kwa yule mjane wa Newala. Unakumbuka ilivyokuwa: kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, na mpapai umeota katikati ya bodi, umepasua sakafu, unatazama juu kama abiria. Tulipoivuta kwa trekta kuja nayo nyumbani watu walitoka majumbani. "Baba Esta kanunua banda la kuku!" Mimi niliona aibu. Wewe ulikuwa umemaliza kujifunza kuchomelea, huna kazi, na ulikaa juu ya bodi ile ukiwapungia mkono kama bibi harusi.

Nilikuwa na nia moja. Watu wa huku juu tunakunywa maji ya kuhesabu, na bondeni maji yapo. Gari imara lenye tenki mgongoni lingetulisha, lingewanywesha na majirani. Basi tukaanza. Ulikata sakafu yote iliyooza ukachomelea mabati mazito. Ulitoboa puti iliyokuwa imeficha kutu kwenye milango, ukaniambia, "Baba, waliomiliki hili gari walikuwa waongo," na mimi nikafurahi kusikia unaongea kama mimi. Tukaongeza springi za nyuma ili zibebe tenki. Breki tukabadilisha zote. Fundi Bakari akawa anapanda kutoka Newala kushughulika na injini, na wewe ukawa pembeni yake unajifunza.

Siku Bakari alipoifungua injini ile ya zamani alinionyesha kwa kidole kranki, ule mhimili mkuu wa ndani. Ilikuwa imeliwa. "Imenoki hii, Baba Esta. Inaweza kufufuliwa, lakini ni kazi." Tukakaa chini wote watatu. Gari zima lilikuwa linang'aa, na moyo wake umekufa.

Juma lililofuata akaja mjomba wako kutoka Masasi na lori lake. Nyuma kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Uliacha kila kitu ukakimbia. "Mjomba!" Akalivuta lile turubai kama anayefunua bibi harusi, na ile injini ya diseli ikaonekana.

"Hii imeshuka melini Dar," akasema. "Haijawahi kukanyaga barabara ya nchi hii. Itapanda mlima na tenki limejaa na wala haitahema. Zawadi yangu kwa mpwa wangu."

Zawadi. Mama yako alipiga vigelegele. Mimi nilisema asante, na sauti yangu mwenyewe niliisikia ilivyokauka. Kwetu unajua mjomba ni nani. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba huingia nyumbani bila kubisha hodi. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti, lakini mambo makubwa ya mtoto huulizwa mjomba. Sikuwahi kulilalamikia hilo kwa mdomo. Ila kila Daudi alipokuja, uliweka chini spana niliyokupa mimi ukaenda kumpokea yeye, na mimi nilibaki naiokota.

Mliifunga injini ile, wewe na Bakari, kwa cheni na gogo tulilolaza juu ya nguzo. Ikawaka mara ya kwanza. Ulikuwa na oili mpaka kidevuni, unacheka na kulia pamoja, majirani wanapiga makofi. Nami nilipiga makofi. Halafu mlipokwenda kunawa nilibaki peke yangu nayo.

Nilivuta kijiti cha kupimia oili. Hakikuwa kile cha kiwandani. Kilikuwa spoki ya baiskeli, imekunjwa juu ikawa pete ya kushikia, na chini imechongwa alama mbili kwa tupa. Nikajiuliza: injini iliyoshuka melini jana, nani amepata wapi nafasi ya kuitengenezea kijiti cha spoki? Nikafungua kasha la chujio la hewa. Ndani yake kulikuwa na jani la mkorosho, limekauka, limekunjika kwenye kona. Nikachukua kitambaa nikafuta ubavu wa injini, pale ambapo namba hugongwa. Chuma kilikuwa kinameta. Palikuwa pamekwanguliwa kwa grenda.

Sikukuambia. Sikumwambia mama yako, maana Daudi ni kaka yake. Nilikaa na jambo lile kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, na kila nilipomeza mate lilinichoma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwa Bakari. Nilijiambia: fundi mzoefu hawezi kufunga injini asione namba iliyokwanguliwa. Kwa hiyo aliona. Kwa hiyo alinyamaza. Kwa hiyo wamekula njama. Unaona nilivyopanda ngazi? Kila kipandio nilikitengeneza mwenyewe, na nilipofika juu nilikuwa na hakika. Nilimfuata Newala sokoni, pale anapokaa na wenzake, nikamwambia mbele za watu, "Bakari, wewe na shemeji yangu mmenifungia mali ya wizi."

"Baba Esta," akasema, "pale penye namba palikuwa pameganda uchafu na grisi. Ningeiona ningekuambia. Umenijua tangu lini?" Nikasema maneno mengine ambayo sitayaandika. Ndiyo sababu hakurudi kazini kwetu. Mimi nilikuambia amepata kazi Masasi.

Msimu wa korosho ulipofika nilipeleka magunia ghalani. Mbele yangu kwenye foleni walikuwapo watu wawili wa Chiungutwa, wanamzungumzia mzee mmoja wa kijijini kwao. "Mzee Salumu sasa hivi anabeba korosho kwa baiskeli," mmoja akasema. "Gari lake wamelitoa moyo, wakaliacha limesimama shambani kama maiti." Moyo wa gari ni nini kama si injini?

Kesho yake nilimwambia mama yako nakwenda Masasi kutafuta gasketi. Nikapanda bodaboda mpaka Chiungutwa. Nilimkuta Mzee Salumu nyumbani kwake, mkewe anaanika muhogo. Pikapu yake ya buluu ilikuwa imevutwa mpaka uani, imekalia mawe, boneti limefungwa kwa kamba. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, nikapewa kiti. Nikasema nimesikia habari za wizi, nimekuja kumpa pole. Akanishukuru. Tukaongea ya mvua, ya dawa ya mikorosho. Halafu nikauliza, kana kwamba si kitu:

"Mzee wangu, kijiti cha kupimia oili kilikuwaje kwenye injini hiyo?"

Mkono wa mkewe ulisimama juu ya muhogo.

"Kwa nini unauliza kijiti?" akasema Mzee Salumu.

"Nauliza tu, mzee."

"Wanaokuja kunipa pole huuliza waliiba siku gani. Huuliza mbwa alikuwa wapi. Wewe ni wa kwanza kuuliza kijiti." Akainuka. "Kilikuwa spoki ya baiskeli. Nilikitengeneza kwa mkono wangu. Sasa na mimi nakuuliza, mgeni. Wewe umekiona wapi?"

Esta, mimi mwenye kunusa maji, sikuwa nimefikiri hata kidogo kwamba ningenuswa. Nilikuja pale nikijiona hakimu. Ghafla nikajiona kama walivyoniona wao: mtu asiyejulikana, ametoka mbali, anajua siri ya kitu kilichoibwa.

"Injini yako iko kwangu," nikamwambia. "Ililetwa. Sikuiiba."

Alipaza sauti mara moja tu. Vijana wa bodaboda walikuwa uani kabla sijasimama. Mmoja alinishika ukosi, mwingine akauliza mafuta ya taa yako wapi, na sikutaka kujua anayatakia nini. Kilichoniokoa ni mwenyekiti wa kijiji, mwanamke mfupi waliyemwita Mama Zuhura. Aliingia katikati yao na kanga yake begani. "Hapigwi mtu hapa. Anayetaka kupiga aanze na mimi." Wakanipeleka ofisini kwake, nikakalishwa kwenye benchi, mlango umejaa watu.

"Haya," akasema Mama Zuhura, "mpigie huyo unayesema amekuletea. Tusikie wote."

Nikampigia mjomba wako. Nikasema, "Daudi, nimeshikwa Chiungutwa. Mwenye injini nimempata. Wanasema mimi ndiye mwizi."

Nilisikia lori linanguruma kwake. Halafu simu ikakatika.

"Amekata?" akauliza Mama Zuhura.

"Amekata."

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Shemeji huyo!"

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yako. Niliogopa kupigwa, ndiyo. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kitamu. Nilikuwa nafurahi. Nilijiambia, sasa Esta atamjua. Sasa atajua nani ni baba yake. Nilikaa kwenye benchi lile, nimeitwa mwizi, na nilikuwa naomba Mungu Daudi asije. Nilitaka akimbie. Nilitaka injini iwe ya wizi tangu siku ile ya kwanza alipovuta turubai, kabla sijaona spoki wala namba. Niliposema nautafuta ukweli, nilikuwa namtafuta yeye.

Lakini alikuja.

Alikuja na lori likiwa bado na shehena ya saruji, hakuwa ameishusha. Aliliacha barabarani akapita katikati ya wale vijana peke yake, amevua kofia. Akawasalimia wazee. Akasema, na mlango mzima ukasikia, "Huyu ni shemeji yangu. Hajaiba kitu na hakujua kitu. Injini nimempelekea mimi."

Kijana mmoja alimpiga kofi. Daudi hakuinua mkono. Mama Zuhura akamfukuza yule kijana nje, kisha akamgeukia Daudi.

"Uliitoa wapi?"

"Kwa mtu wa vyuma chakavu, Masasi. Aliniuzia namba ikiwa tayari imekwanguliwa."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

Mjomba wako alitazama sakafu. "Kwa sababu ningemuuliza, angeniambia."

Nimelibeba jibu lile mpaka leo. Sijawahi kusikia mtu akijieleza kwa ukweli namna ile, wala sijawahi kusikia ukweli unaonitia wasiwasi kiasi kile. Na ile ya melini Dar, ya kwamba haijakanyaga barabara ya nchi hii, aliitunga mwenyewe njiani ili zawadi ipendeze.

Siku hiyo hiyo tulikwenda polisi Masasi, yeye, mimi, Mzee Salumu na mwenyekiti, tukaeleza yote. Yule wa vyuma chakavu walipomfuata walikuta amehama, na mpaka leo hajaonekana. Tukakubaliana injini irudi kwa mwenyewe, na Daudi aifunge kwa mikono yake.

Usiku ule Daudi alimweleza dada yake kila kitu, nami nikiwapo. Mama yako alimwekea chakula akaenda kulala. Ndipo Daudi akaniomba. "Shemeji, Esta asijue. Ndiye peke yake duniani anayeniona mtu wa maana." Nikamwambia sawa. Niliona nimemhurumia. Sasa siamini hata huruma yangu ile. Nadhani nilipenda tu kuwa na kitu cha kumshikia.

Basi ukarudi kutoka shambani ukakuta boneti liko wazi na injini inaning'inia kwenye cheni. Ukaniuliza kuna nini. Nikasema ina ufa.

"Ufa uko wapi? Nionyeshe."

Uliipapasa yote, mwanangu. Uliizunguka na tochi. Nikasimama pale kama gogo. Mwisho ukasema, "Ni kwa sababu imetoka kwa mjomba. Basi." Ukatupa kitambaa ukaingia ndani, na baada ya hapo ukawa unaniamkia shikamoo ya kutimiza wajibu, na mengine yote unamwambia mama yako aniambie. Hukukosea sana. Chuki uliyoiona ilikuwapo. Ufa tu ndio haukuwapo.

Tuliifunga injini kule Chiungutwa. Daudi amelala mchangani chini ya gari, mimi nimekaa juu ya jiwe natazama mikono yake asije akabadilisha kitu, na Mzee Salumu amekaa juu ya jiwe jingine anatutazama sote wawili. Mkewe alituletea ugali wa muhogo na kisamvu, tukala sahani moja. Ilipowaka, yule mzee alivuta spoki yake, akaifuta, akaisoma oili, akairudisha taratibu. Kisha akampa Daudi mkono. Mimi nikanyoosha wa kwangu. Akautazama kwanza.

"Huyu alikosa, akaja," akasema. "Wewe sijajua bado. Sijui ulikuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya kumkamata huyu."

Akanipa mkono, lakini baada ya kusema.

Nilirudi Newala nikamtafuta Bakari. Nilimwomba radhi pale pale sokoni, mbele ya wale wale. Akasema amenisamehe, na ninaamini amenisamehe. Nikamwomba aje atusaidie na injini yetu ya zamani. Akatabasamu kwa adabu. "Hapana, Baba Esta. Kwako sitafanya kazi tena. Nitakuwa kila saa najitazama mikono." Hatujagombana. Tukikutana tunasalimiana. Ila mtu yule nimempoteza.

Yaliyofuata unayajua kunizidi. Uliichukua injini ya zamani ukaifufua kwa hasira. Ulipeleka kranki na silinda hedi Masasi zikachongwa, ukabadilisha ringi, ukakosea, ukaifungua tena, ukafunga tena. Hukuniomba nishike hata taa. Leo inapanda mlima polepole, inalalamika, lakini inafika, na majirani wanatoka na ndoo wakisikia mngurumo wake. Mwanamke mmoja aliniambia, "Fundi wa gari lako ni nani?" Nikasema ni binti yangu. Akadhani natania.

Sasa mjomba wako amefungua gereji Masasi na amekuita ukawe mchomeleaji wake mkuu. Umefurahi, na haki yako. Mimi nilipopata habari sikulala vizuri. Nilijiuliza kwa nini wewe. Anataka fundi hodari ambaye hatadai sana? Anataka kunilipa mimi kwa kukuinua wewe? Au anataka uwe upande wake kabisa, ili siku ukija kuujua ukweli uwe umeshamzoea? Na gereji ile, vyuma vyake vinatoka wapi?

Nilikwenda. Hukujua. Niliingia bila kumwambia, asubuhi, mafundi wake wanakunywa chai. Nikaanza kuzungukazunguka, natazama injini zilizolala sakafuni, najifanya nashangaa. Daudi aliniona akajua mara moja nimefuata nini. Hakukasirika. Alikwenda kwenye ile ya kwanza akaifunua, akaifuta ubavu kwa kiganja. "Angalia, shemeji." Akaenda kwenye ya pili. "Angalia na hii." Nikaziangalia zote. Niliinama kwenye kila moja. Namba zilikuwapo zote, safi, zinasomeka.

Ningekuambia nilitoka pale nimetulia, ningekudanganya. Nilitoka nikiwaza, labda alijua nakuja. Ndivyo nilivyo, Esta. Siwezi kukuapia kwamba mjomba wako hatanyamaza tena siku nyingine mbele ya namba iliyokwanguliwa. Ninachoweza kukuapia ni kwamba alipofika penye njia mbili, moja ya kukimbia na moja ya kuja kupigwa kofi kwa ajili yangu, alikuja. Yote mawili ni yeye. Nimejaribu kuchagua moja nikashindwa.

Sikufundishi kumshuku mtu, hiyo utaipata kwenye damu bila kufundishwa. Nakuomba tu usifanye kama mimi. Mimi nilipoona chuma kinameta nilinyamaza, nikakikuza moyoni mpaka kikawa na sura ya mtu niliyekuwa simpendi. Ningeuliza siku ile ile, kwa sauti, mbele yenu wote: "Daudi, namba ya injini hii iko wapi?" Angejibu au angeshindwa kujibu. Bakari angekuwa bado anakunywa chai hapa uani. Wewe usingeninyamazia. Ukiona kitu, uliza siku hiyo hiyo. Na ukijikuta unaogopa kuuliza kwa sababu jibu unalijua, hapo weka spana chini uje nyumbani. Hutaulizwa kwa nini umerudi.

Leo saa sita mjomba wako ameingia kutoka Masasi, amekuja ili kesho akuchukue. Tumekaa jamvini, yeye na mimi. Nikamwambia sitaweza kukuacha uende hujui. Nikamwambia nitaivunja ahadi niliyompa, nitakuandikia, na nitakupa barua uisome ukishafika na kutulia.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa hata na maneno tayari.

"Mwandikie," akasema. "Mwandikie yote, usinipambe. Lakini usimpe akishafika. Akishafika atakuwa kwangu, ataona haya kurudi. Mpe kabla hajapanda gari."

Nilimtazama usoni, Esta, nikitafuta ujanja uko wapi. Nilitafuta kama ninavyotafuta siku zote. Sikuuona.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitakukabidhi barua hii mlangoni, yeye akiwapo. Ingia chumbani uisome. Mjomba wako atakuwa ndani ya lori, na ameniahidi hatapiga honi. Mama yako hatakuja kukugongea. Mimi nitakuwa nje nimeshika begi lako. Ukimaliza toka, uniambie nilipeleke wapi.

Baba yako